Koili ya Fundi Shee na Sahani ya Mamangu

Karibuni kwenye ugonjwa wa santuri, wajukuu zangu. Nasikia santuri zimerudi. Nyinyi mliotucheka kwa kubeba masahani meusi, leo mnayanunua kwa fahari, na wiki haipiti bila mmoja wenu kunipigia simu hapa Mombasa na lile swali: "Bibi Somoe, nichukue kichwa cha sumaku au cha koili?" Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya Mwanaesha, mjukuu wa binamu yangu, aliye Ulaya. Amenunua mashine, amenunua santuri, na ana miezi mitano anachagua kichwa. Miezi mitano! Nikamwuliza, na hiyo santuri inasemaje? Akasema hajui, bado imo ndani ya nailoni yake.

Mimi ni mzaliwa wa Kudhaa, kisiwa cha pwani ya Wasomali, na miaka yangu mingi nilikuwa fundi wa sindano katika duka la kurekodi kaseti mjini Kismayu. Sindano za santuri, si za kushona, ingawa nilianza na za kushona. Nikacheka sana Mwanaesha aliponiambia ile miezi yake, kwa sababu mimi kwa swali hilohilo niliwahi kupoteza miaka, na nusura nipoteze kitu ambacho hakina badala. Ndiyo maana nimeketi kuwaandikia wote kwa mpigo mmoja.

Kwanza mjue tunazungumzia nini. Kichwa ni kile kijidude kilicho mwisho wa mkono wa mashine, chenye sindano chini yake. Sindano ikipita kwenye mfereji wa santuri hutikisika, mtikisiko hugeuka umeme, umeme ukawa sauti. Fundi Shee, aliyenifundisha kazi, alikuwa akiwaeleza wateja hivi: "Nyumba ni mbili. Ya kwanza mume ni mtembezi, mke katulia. Ya pili mke ndiye mtembezi, mume kaketi." Mume ndiyo sumaku, mke ndiyo waya. Katika kichwa cha sumaku, sindano hutikisa kijisumaku kidogo na nyaya zimetulia. Katika kichwa cha koili, sindano hutikisa nyaya nyembamba kuliko unywele, na sumaku, tena kubwa yenye nguvu zake, imekaa palepale. Akina mama waliokuja kurekodi nyimbo za harusi walikuwa wakimwuliza, "Na kwako, Fundi, ni nyumba ipi?" Naye hujibu, "Yangu wote ni watembezi, ndiyo maana haina mchu," maana kwetu mtu ni mchu.

Ile sumaku kubwa iliyokaa, iwekeni akilini. Tutaikuta mbele.

Wiki yangu ya kwanza dukani Fundi Shee aliniambia nitie mafuta kwenye mhimili wa sahani ya mashine, ile sahani ya chuma inayozunguka na santuri juu yake. Basi mimi ni mtu wa kisiwani. Kwetu chochote kisichotakiwa kukwama wala kuoza hupakwa mafuta ya papa. Wajomba zangu wamepaka mashua kwa mafuta hayo tangu sijazaliwa. Nikaenda nyumbani, nikaja na chupa, nikatia kwa ukarimu. Mashine ikazunguka kwa utamu ajabu, nami nikajiona fundi. Kufika adhuhuri mota imepata moto, na mafuta yakaanza kunuka. Wanangu, lilinuka duka, likanuka barabara. Paka wa Kismayu wote walikuja, wakajipanga mlangoni. Akaingia mama mmoja aliyekuwa amerekodisha nyimbo za harusi ya mwanawe, akainusa kaseti yake, akasema, "Fundi, mimi nilikuletea harusi. Mbona wanirudishia soko la samaki?"

Nilijua nimefukuzwa kazi. Fundi Shee alijishika kwenye fremu ya mlango akicheka mpaka kofia ikaanguka, na paka mmoja akailalia. "Somoe," akasema alipopata pumzi, "hunu ni mashine, si mashua. Haendi Kudhaa." Tulisafisha siku tatu. Hadi mwisho wa duka lile, siku za joto kali, ukiinamia mashine ulikuwa unampata papa kwa mbali.

Mtauliza msichana wa Kudhaa aliingiaje kwenye kazi ya wanaume. Niliingia kwa sababu ya mamangu. Mama alifariki kwa homa nikiwa na miaka miwili, sina hata kivuli chake kichwani. Lakini Nyanya alikuwa na santuri moja ndani ya sanduku, katikati ya nguo zenye udi. Siku za ujana wa mama, mwalimu aliyemfundisha Fundi Shee kazi alikuwa na mashine ya kukatia santuri, na Nyanya alimpeleka binti yake mjini akaimbe. Ilikatwa moja tu, ya utando mweusi uliopakwa juu ya bati. Kila Idi Nyanya akizifunua nguo, anionyeshe, aseme, "Mamako yumo humu." Aliimbaje? "Vizuri," hujibu, halafu huifunga haraka. Kwetu hapakuwa na mashine, na Nyanya hakutaka iguswe na mtu asiyemjua.

Nilipofika umri wa kusikia uchungu wa jambo hilo, nilimng'ang'ania mpaka tukavuka kwenda kwa Fundi Shee. Aliinamisha santuri kwenye mwanga. Utando ulikuwa umeanza kupasuka ukingoni. "Hii ina safari moya," akasema. "Labda mbili. Sindano mbaya ikipita humu mara moya, basi. Tungoje kichwa kizuri." Wakati anasema hayo Nyanya alikuwa akihangaika kutia uzi kwenye sindano ya kofia, nami nikamchukulia nikautia bila kuangalia. Fundi Shee aliviangalia vidole vyangu, akaviangalia vyake, vinene kama mihogo. Nikaanza kazi Jumamosi.

Basi tukangoja kichwa kizuri. Kilikuja kwa mkono wa mpwa wake aliyekuwa baharia wa meli kubwa: kichwa cha koili, cha kwanza kuonekana mjini kwetu. Fundi Shee alikiweka ndani ya kijaluba cha fedha, kile cha kutilia chokaa ya tambuu, juu ya pamba. Wateja walivua viatu wakikisikiliza. Lakini koili haina sauti kubwa, ule umeme wake ni mdogo mno, inataka transfoma ndogo ya kuukuza. Tukangoja transfoma. Ilipokuja ikawa inavuma kama nyuki, tukangoja waya wa kuutuliza mvumo. Waya ulipopatikana, ikawa msimu wa mvua na hewa ni mbichi, si vizuri kwa utando. Kisha Ramadhani. Kila Idi namwuliza, "Fundi, leo?" naye hutikisa kichwa kwa huruma ya kweli, "Bado kichu kimoya, Somoe." Nyanya akafariki tukiwa bado tuna kichu kimoya. Mchagua nazi hupata koroma, walisema wazee, lakini mimi nilimwamini. Ningeamini vipi vinginevyo? Koili ilikuwa na sauti nzito, nzuri. "Sikiza uzito huo," alikuwa akiniambia, amefumba macho. Kweli, ulikuwepo uzito.

Pia kulikuwa na malalamiko madogo madogo. Santuri za watu zilizopigwa sana kwa koili zilianza kuonyesha michirizi ya kijivu, na nyimbo zikawa na mkwaruzo. Fundi Shee akasema ni chumvi ya hewa. Mimi nikaandika kikaratasi nikabandika ukutani: FUNIKENI SANTURI ZENU, HEWA INA CHUMVI. Mnacheka sasa? Subirini.

Mizani yetu nayo ilikuwa ya kwetu. Sindano ina kiasi chake cha kuelemea santuri: ikiwa nyepesi huruka, ikiwa nzito hulima. Vipimo vya dukani hatukuwa navyo, kwa hiyo Fundi Shee alitengeneza mizani kwa rula ya mbao, upande huu sindano, upande huu punje za mchele. Koili punje sabini, sumaku themanini. Kwa nyuma ya mkono tulifunga chubwi, ile risasi ya mshipi wa kuvulia, tukiisogeza huku na huko mpaka rula itulie. Msidharau. Kosa lilikuwa moja tu, siku niliyopimia mchele wenye fukusi. Punje zilikuwa tupu ndani nami sikujua, sindano ikabaki nyepesi, na kwenye harusi ya watu wimbo wa kumtoa bibi harusi ukaruka ukatua kwenye wimbo wa kumuaga maiti. Tangu siku hiyo mchele wa mizani niliuchagua punje kwa punje.

Halafu vita vikaingia Kismayu.

Hapa sitasema mengi, wenye kuyajua wanayajua. Tulifunga duka, tukafungua, tukafunga. Umeme wa mji ukakatika usirudi. Mchana mmoja mjomba wangu Athumani akaja kutoka Kudhaa, akaweka mkoba wake juu ya meza ya kazi, akasema, "Somoe, Fundi, magharibi muwe ufukweni. Mashua haingoji mchu." Milio ya bunduki ilikuwa upande wa bandari. Niliogopa, wanangu. Na katika hofu ile nilikumbuka kitu kimoja: santuri ya mama, iliyongoja hapo dukani. Utando ule usingestahimili safari ya bahari. Ukipata maji ya chumvi na mtikiso, utabanduka wote. Ama niirekodi kwenye kaseti alasiri ile, ama mamangu nimemzika mara ya pili bila kumsikia.

Jirani yetu alikuwa mama wa Kisomali, tuliyemwita Eedo Faduma, yaani Shangazi Faduma, mwuza barafu, mwenye jenereta. Nilimkuta anafunga vitu vyake, naye anahama. Nikamweleza. Akaitikisa jenereta, akasikiliza dizeli ikicheza tumboni. "Nusu saa, abaayo," akasema, yaani dada. "Labda chini ya hapo. Haya, kimbia! Mama ni mama." Akalivuta lile jidude mwenyewe mpaka nyuma ya duka, akaliwasha.

Fundi Shee alinawa mikono. Alitia udi. Na dunia inaanguka, yule mzee akatia udi! Akafungua kijaluba, akakitoa kichwa cha koili kwa vidole viwili, akakipitisha juu ya meza kukipeleka kwenye mashine. Sasa, mjomba Athumani, katika kupekua mkoba wake, alikuwa amefungua kopo la ndoana. Kichwa kilipopita juu ya kopo tukasikia *tik, tik, tik*. Ndoana tatu zimeruka, zimekishika, zinaning'inia.

Tukazitazama. Mjomba ndiye aliyesema kwanza, "Fundi, umepata samaki."

Mimi sikuweza kucheka. Nilikuwa naitazama sahani ya mashine. Sahani ya chuma. Ile sumaku kubwa iliyokaa, mnaikumbuka? Miaka yote ile tulipima uzito wa koili mezani, kwenye mbao, na ikawa punje sabini kweli. Hatukuwahi kupima juu ya sahani yenyewe. Nikachukua rula, nikaiweka juu ya chuma kile, nikamwomba Fundi afunge kichwa na kushusha sindano. Nikahesabu punje. Sabini, haijatulia. Mia. Mia na ishirini. Mia na arobaini na tatu, ndipo rula ikalala sawa. Chuma kilikuwa kinaivuta sumaku chini, na sindano ilikuwa inaelemea mara mbili. Huo ndio uliokuwa uzito wa sauti. Hiyo ndiyo iliyokuwa chumvi ya hewa.

Fundi Shee alikaa kwenye kigoda. "Miaka yote hii," akasema taratibu, "nalima nyimbo za wachu." Nilidhani atalia. Mabega yakaanza kumcheza, kisha likamtoka, cheko la mafuta ya papa lenyewe, "Na kikaratasi! Somoe, kikaratasi cha chumvi!" Nikatazama ukutani, FUNIKENI SANTURI ZENU, na mimi nikavunjika mbavu. Nje bunduki, ndani tunapangusana machozi ya kucheka. Mjomba akaenda mlangoni, akamwambia Eedo Faduma kwamba watu wawili humu wamepata wazimu.

Halafu Fundi akapangusa uso, akaanza yale yake: "Lakini twaweza kuinua santuri na kichu, mbali na chuma. Au tukifika Kenya, tukipata sahani ya aluminiamu..."

"Fundi," nikasema, na sijawahi kumpandishia sauti kabla ya siku hiyo, "hakuna tukipata! Leo ndiyo tukipata yenyewe!"

Akasogea kunipisha. Nikakifungua kichwa cha koili, nikakifunga kile cha sumaku, kikongwe, cha kila siku, kilichopigia harusi zote za mji. Na hapa ndipo pana uzuri wake, wajukuu: sindano ya kichwa cha sumaku huchomolewa kwa vidole. Nilivuta ile ya zamani, nikasukuma mpya ndani, ya mwisho tuliyokuwa nayo kwenye bahasha. Hiyo ni kazi ya muda wa kupiga chafya. Koili ukitaka kuibadilisha sindano unairudisha kwa walioitengeneza ng'ambo ya pili ya dunia. Na kijisumaku cha kichwa hiki ni kidogo, ukikipitisha juu ya kopo la ndoana hazina habari nacho. Nilipima papo hapo juu ya sahani. Themanini. Nikarudia. Themanini.

Nikaweka santuri ya mama, nikabonyeza tepu, nikashusha sindano.

Mkwaruzo kwanza. Sote tumebana pumzi, tumeziba midomo, hata Eedo Faduma aliyechungulia dirishani. Tepu ilikuwa inarekodi kwa waya, tungepiga ngoma humo ndani isingesikia, na sisi wawili ni mafundi tunajua hilo, lakini nani angethubutu. Kisha sauti ya msichana, karibu kabisa, akauliza:

"Imeanza?"

Mwanamume akajibu kwa mbali kwamba imeanza. Na msichana akacheka.

Basi. Akacheka. Sauti ya Nyanya, ujana mtupu, ikamkemea, "Imba!" Akaanza neno la kwanza la wimbo wa harusi, likamponyoka, akacheka tena, kile kicheko cha kukwama puani kinachotoka na mkoromo. Wanangu, mkoromo huo ni wangu. Nimechekwa shuleni kwa ajili yake, nimekanywa kwenye hitima kwa ajili yake, na Nyanya akinisikia hugeuza uso. Sikujua kamwe nimeutoa wapi. Akajaribu tena wimbo, akashindwa tena, na Nyanya, amekata tamaa, nasikia anavyopiga paja, akasema, "Mwana we, cheka upesi umalize, mashine yazunguka!"

Nilikuwa nimeandaa machozi ya miaka ishirini. Sikupata nafasi ya kuyatoa, nilikuwa nacheka naye, mkoromo kwa mkoromo, na nina furaha mpaka kifua kinauma. Sasa nikaelewa kwa nini Nyanya alisema "vizuri" na kufunga nguo haraka. Alimpeleka bintiye mjini akaimbe, wakarudi na santuri nzima ya ujinga. Mwishoni kabisa mama alitulia, akavuta pumzi, akaimba nusu mstari, nusu tu, sauti safi kabisa, na mfereji ukaisha. Sindano ilipoinuka, utando ulijikunja nyuma yake, ukabanduka kama ganda la kitunguu. Safari moja, kama alivyosema Fundi. Jenereta ikakohoa, ikazima dakika chache baadaye. Eedo Faduma akapangusa macho kwa mtandio, akasema kwa Kisomali kwamba msichana yule angemfaa kwa mkwe.

Magharibi tulikuwa ufukweni. Kaseti niliitia ndani ya chupa ya chai, ile isiyoingiza maji, nikaikumbatia hadi Kudhaa, na kutoka Kudhaa hadi Kenya. Watu kwenye mashua waliniomba chai njia nzima, wakaniona mchoyo.

Na koili? Fundi Shee alikuja nayo, ndani ya kijaluba chake. Kule Kenya, katika kambi ya wakimbizi, wanawake walikuwa wakishona kofia, na sindano zikianguka mchangani zinapotea. Fundi akakifunga kichwa kwa uzi, akawa anapita kila asubuhi baina ya mahema akikiburuza kama mtu anayetembeza mbuzi. Sindano zote alizirudisha. "Hatimaye kimepata kazi," alikuwa akisema. Hakuna fundi aliyependwa kambini kuliko yeye. Kila mwisho wa wiki alinijia na redio yake ya kaseti, tumsikilize mama akishindwa kuimba, na kila mara alicheka mahali palepale, pale Nyanya anapopiga paja. Mungu amrehemu. Kijaluba ninacho mimi.

Sasa jibu lenu. Ikiwa una amplifaya tulivu, una sahani isiyoshika sumaku, na una njia ya kukirudisha kichwa kwa fundi sindano ikichoka, koili ni tamu, siwadanganyi, ina vitu vidogo vidogo ambavyo sumaku huvipita. Lakini chukua sumaku ndogo ya mlango wa friji, iguse sahani ya mashine yako kwanza. Ikishika, koili iache ng'ambo. Uzito pima palepale sindano itakapolala, si mezani. Na usitie mafuta ya papa.

Mwanaesha nilimpa hayo yote kwenye simu. Akasema, "Asante, Bibi, basi nitatafuta zaidi, nitaamua mwezi ujao." Nikamwuliza, hiyo mashine uliyoinunua haina kichwa? Akasema inacho, cha sumaku, cha bei rahisi, kilikuja nayo. Nikamwambia, ondoa nailoni. Sasa hivi, simu ikiwa wazi. Akacheka, akaleta visingizio, nikamkemea kama Nyanya. Nikasikia nailoni ikichanika. Nikasikia kidole chake kikishusha mkono wa mashine.

"Imeanza?" nikamwuliza.

"Imeanza, Bibi," akasema, na mkwaruzo ule ukanifikia kutoka huko ng'ambo, nami nikakoroma kwa kicheko kabla hata wimbo haujaingia.